Ndimu, Ndege na Motokari ya Bwana Kidole

Juzi tumemzika mume wangu Saidi. Siku ya hitima mpwa wake Juma, aliyekuja kutoka Kindu na viatu vyake vya kung'aa, akasimama uani mbele ya watu akasema: "Baba yetu huyu alikuwa shofere wa Wabeleji. Motokari aliyoiosha yeye, ungeweza kujitazama ndani yake ukachana nywele." Watu wakaitikia, wakatikisa vichwa. Mimi nilikuwa chumbani na wanawake, juu ya mkeka, nimejifunika kitenge, na sahani ya wali iko mbele yangu inapoa. Niliposikia maneno yale nikapandwa na hasira mpaka nikasahau kwamba mimi ndiye mjane. Nikapaza sauti kupitia mlangoni: "Uongo! Motokari ya mwisho aliyoishika Saidi ilikuwa na madoa toka mbele mpaka nyuma, na aliyeyatia ni mimi!" Wanawake wakanivuta kitenge: Bibi Mwavita, nyamaza, ni huzuni hiyo. Huzuni gani! Huzuni ninayo, tena nyingi, asubuhi bado ninachemsha chai ya watu wawili. Lakini huzuni haijaninyang'anya akili. Mtu amelima mpunga maisha yake yote, amekuwa shofere kipande kidogo tu cha ujana, halafu akifa mnamsifu kwa kumfutia mzungu motokari? Kama ni lazima asifiwe, basi asifiwe kwa lile alilolifanya Kabambare, mwaka ule mmoja tuliokaa kule. Juma hakuwepo, hakuzaliwa. Mimi nilikuwepo.

Nilikuwa nimeolewa karibuni, hina bado iko kwenye kucha zangu, pale bwana wake Saidi alipohamishwa kutoka Kasongo kwenda Kabambare. Huyo bwana alikuwa ajenti wa Leta, ndivyo tulivyoiita serikali ya Wabeleji, na popote alipokwenda motokari ilikwenda, na Saidi akaifuata motokari, na mimi nikamfuata Saidi. Chumba chetu kilikuwa cha mwisho katika boyeri, ule mstari wa vyumba vya watumishi nyuma ya nyumba ya Bwana. Kitanda cha kamba, sanduku langu la harusi, mafiga matatu nje chini ya kibanda, basi. Ukuta haukufika juu kwenye paa, kwa hiyo kikohozi cha mpishi wa Bwana, jirani yetu, kilikuwa kikohozi chetu pia. Nilipika wali na sombe, yale majani ya mihogo, naikaanga kidogo kwa mawese kama mama zetu wa Kasongo wanavyofanya, na Saidi alikula akiwa ameugeukia mlango, asije akaitwa. Motokari ilikuwa nyeusi, ndefu, na aliipenda. Sisemi utani. Aliisalimia asubuhi kabla ya kunisalimia mimi. Nilijua tangu wiki ya kwanza kwamba nimeolewa mke wa pili, na mke mkubwa ana magurudumu manne.

Sasa, maji ya Kabambare. Kasongo tulizoea kuiosha motokari kwa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye pipa. Kule Kabambare pipa la mvua lilikuwa la Bwana kunywa, hakuna mwingine wa kuligusa, na maji mengine yote yalitoka kwenye chemchemi inayochuruzika kati ya mawe meupe. Ni maji mazuri, baridi, matamu. Lakini yaache yakauke mahali, utaona: yanaacha alama nyeupe ya mviringo, ngumu, haitoki kwa sabuni wala kwa kucha. Saidi alikuwa akiosha mapema, jua likichomoza linamkuta bado upande wa nyuma, na upande wa mbele umeshakauka wenyewe, vioo na rangi yote vimejaa alama. Juu ya rangi nyeusi, mama yangu! Na Bwana alikuwa na tabia yake. Kabla ya kupanda alipitisha kidole juu ya motokari, toka taa mpaka mkia, kisha anakitazama kile kidole, kisha anamtazama Saidi. Watu wa Kabambare walimpa jina siku ya kwanza tu: Bwana Kidole. Wenyewe wazungu hawakujua kamwe majina tuliyowapa.

Siku moja Bwana Kidole hakumtazama tu. Alisema, kwa ile Swahili yao ya kuagiza: "Weye iko muvivu. Motokari yangu iko na ugonjwa wa ngozi." Akamwita polisi, Saidi akapelekwa buloko, gereza la nyuma ya ofisi, kwa sababu ya madoa ya maji. Nilimpelekea chakula, nikamkuta anapasua mawe pamoja na wezi wa mbuzi. Alipotoka alikuja moja kwa moja chumbani. Alikaa kwenye kitanda akatazama mikono yake, na mpishi kutoka ng'ambo ya ukuta akampa shauri lake: "Sugua na majivu, Saidi, kama sufuria." Saidi akamjibu: "Majivu usugue meno yako! Unataka nitoe rangi waninyonge?" Nilicheka, kisha nikaona machozi yake, nikaacha.

Dawa ilikuwa jikoni kwangu, na wala si maarifa makubwa, kila mwanamke wa Kabambare alikuwa nayo. Birika likichemsha yale maji kila siku linaota ukoko mweupe ndani, na ukoko huo tunautoa kwa ndimu. Nikamwambia Saidi: "Kama inatoka kwenye birika, kwa nini isitoke kwenye kioo?" Alikataa, akaona namtania. Mwisho akanipa sehemu ndogo ya kujaribia, chini ya taa, mahali kidole cha Bwana hakifiki. Nikachovya kipande cha kitenge kikuukuu katika maji ya ndimu, nikakilaza juu ya doa, nikakiacha kidogo, nikafuta polepole bila kukaza mkono. Likatoka. Tukasuuza, tukakausha hapohapo kwa kitambaa kingine kabla jua halijafika. Kazi yote ilikuwa kwenye kukausha, maana ukiyaachia maji yakauke yenyewe umerudi ulikotoka. Saidi aliinama akatazama, akanitazama, akasema, "Mwavita, weye ni muke wa kweli." Tukaimaliza motokari nzima sisi wawili, tukicheka kama watoto, vidole vinawasha kwa ndimu. Ile ndiyo asubuhi niliyoona ndoa yangu imeanza.

Bwana Kidole alipitisha kidole, akarudia, akafurahi. Akauliza ni nini, Saidi akamwambia ndimu. Naye mzungu akifurahi ni hatari kuliko akikasirika, mimi nawaambia. Wiki haikwisha akatoa amri: isiwe motokari tu, iwe na kamio, lile lori la Leta, iwe na vioo vyote vya ofisi na vya nyumba yake, kila asubuhi, na wanawake wa vijiji vya karibu walete ndimu na vitambaa na waje kufuta. Kapita, mtu wetu aliyewekwa kusimamia kazi za Leta, alipita kabla jua halijatoka akipiga filimbi, na mwanamke asiyetoka, mumewe alijibu kwa polisi. Wanawake wakaja. Wakasimama kwenye umande, wamefunga watoto mgongoni, wanafuta vioo vya mtu aliyelala bado.

Na mpunga ulikuwa unaiva. Anayejua mpunga ameshanielewa. Mpunga ukianza kuinama, ndege wanashuka asubuhi na mapema, kundi zima, na kama hakuna mtu shambani wa kupiga kelele na kurusha udongo, jua likipanda utakuta makapi. Saa za ndege ndizo hizohizo zilizokuwa saa za Bwana Kidole. Mimi sikuwa na shamba kule, nilikula posho ya mume wangu, kwa hiyo sikuona upesi. Nilikuwa naonyesha wengine jinsi ya kulaza kitambaa, najiona mkubwa, kama mwalimu. Mpaka siku moja nikiwa kwenye chemchemi, nyuma ya jiwe, najaza mtungi wangu, nikasikia wawili wanaongea upande wa pili. "Ni ule muke wa shofere, wa Kasongo, ndiye alituuza." "Anataka bwana yake asifiwe." "Asifiwe na ndege basi, ndege ndio wanashiba." Nilitaka kutoka niwatukane. Mdomo ninao, mnaujua. Nilibaki nyuma ya jiwe mpaka mtungi ukafurika miguuni mwangu.

Kati ya wale wanawake alikuwepo mmoja aliyenipenda toka mwanzo, Veronika, Mkristo, Mbangubangu wa palepale, mumewe yuko machimboni kule Lusangi. Alinifundisha kula uyoga wao, nikamfundisha kuimba nyimbo za harusi zetu. Nilimfuata shambani mchana uleule. Shamba lake lilikuwa bondeni, na kwa mbali ungesema zuri, limekaa rangi ya dhahabu. Akavunja suke moja, akalifikicha kiganjani, akapuliza. Hakikubaki kitu. Akavunja lingine, vilevile.

"Wanasema ni miye nimewauza," nikamwambia.

"Wanasema."

"Na weye, Veronika?"

"Miye sina nafasi ya kusema, yaya, dada yangu. Niko na mashuke." Akapuliza kiganja tena. "Upande wa juu bado. Wakituacha asubuhi, upande wa juu utapona, tutakula. Wasipotuacha, hakuna. Ni vile tu."

Basi mambo yalikuwa hivyo, wazi kama mchana. Ama wanawake warudi mashambani kabla upande wa juu haujaisha, ama wale mwaka mzima majani na mihogo ya kuomba. Jioni nikamwekea Saidi wali, nikakaa mbele yake, nikamwambia amwombe Bwana awaachie wanawake mpaka mavuno. Akaacha kula.

"Unataka nirudi buloko?"

"Nataka useme."

"Mukubwa wa Kindu anakuja wiki ijayo kukagua. Bwana ameniambia, siku ile likionekana doa moja, kazi yangu imekwisha, na karatasi yangu ya ushofere ataipasua. Acha mukubwa apite. Akipita, nitasema."

"Akipita, mpunga utakuwa umepita naye."

"Mwavita, ile motokari ndiyo inatulisha!"

"Na wale ndio wanaifuta!"

Mpishi alikuwa ameacha kukohoa, anasikiliza. Saidi akaisukuma sahani, akatoka, akaenda kukaa ndani ya motokari yake gizani. Alikuwa na haki ya kuogopa, nasema leo na nilijua hata siku ile. Aliyaona mawe ya buloko kwa macho yake, mimi niliyaona nikipita tu. Lakini mwenye haki ya kuogopa hana haki ya kuwaogopea wengine mpaka wafe njaa. Sikumwomba tena. Wiki ile nilipika, nilifua, nilimsalimia asubuhi, na niliamua peke yangu.

Mukubwa wa Kindu alifika. Ilikuwa mchana, jua liko utosini, na wazungu walikuwa ndani wanakula, tunasikia visu na uma na vicheko. Motokari ilikuwa mbele ya ofisi, kati ya mawe yaliyopakwa chokaa, imefutwa toka alfajiri, inang'aa mpaka macho yanauma, maana baada ya kula Bwana Kidole alikuwa ampandishe mgeni wake wakatazame Lusangi. Wanawake walikuwa wamepangwa mstari pembeni na vikapu vya ndimu, ili vumbi likitua walitoe. Saidi alisimama karibu na mlango wa motokari, kofia kichwani, kitambaa mkononi. Mimi nikatoka upande wa jikoni na ndoo ya maji ya chemchemi. Nikaiendea motokari taratibu kama mtu anayetumwa. Nikachota kwa mkono nikaanza kunyunyiza, juu ya kapo, bati la kufunika injini, juu ya vioo, juu ya paa, kama unavyonyunyizia sakafu ya udongo kabla ya kufagia. Bati lilikuwa moto, maji yalikauka kabla sijachota mengine. Madoa yakatoka. Meupe, ya mviringo, makubwa kwa madogo, huku na huku, na mimi naendelea kuzunguka.

"Mwavita!" Saidi alisema. "Unafanya nini?"

Nikachota tena. Kapita alikuja mbio, akanishika mkono, nikayamwaga maji yaliyobaki ndooni kwenye kioo cha mbele. Ndipo Bwana Kidole akatokea kibarazani na kitambaa cha mezani kifuani, mgeni wake nyuma yake.

"Nani nafanya hii?"

"Ni miye, Bwana. Nimeiosha."

"Iko madoa! Iko madoa yote!"

"Ndiyo, Bwana. Maji ya Kabambare iko vile."

Akawa mwekundu kama mawese. Akawageukia wanawake, akapiga kelele wafute, upesi, upesi. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata Veronika. Wale waliosema nimewauza walikuwepo mstarini, na wangeweza kufuta dakika ile, mimi nikaenda buloko na mambo yakaendelea kama jana. Veronika akaweka kikapu chake chini. Halafu akakaa. Alikaa pale kwenye udongo, akanyoosha miguu mbele, akafungua kilemba chake akakiweka mapajani, kama tunavyokaa kwenye kilio. Jirani yake akakaa. Mwingine akakaa. Wakakaa wote, Wakristo na Waislamu, miguu imenyooshwa, vichwa wazi, kimya. Kwetu mwanamke akikaa vile hakuna wa kumwinua, awe chifu, awe nani. Hupigi kelele, humpigi, hupiti mbele yake. Ni msiba. Wazungu hawakuelewa walichokiona, lakini kapita alielewa. Alikuwa na filimbi mdomoni, akaitoa. Akavua kofia yake.

"Saidi!" Bwana Kidole akasema. "Futa."

Kati ya wote waliokuwa pale, niliyemwogopa ni mmoja tu, ndiye huyu. Bwana angeweza kunifunga, lakini Saidi angeweza kunifanya niwe nimefanya bure. Alitazama motokari yake. Alitazama yale madoa, na nawaambia aliumia, niliona. Akakikunja kile kitambaa, mara moja, mara mbili, vizuri, akakilaza juu ya kapo. Akachukua ufunguo mfukoni akauweka juu ya kitambaa. Kisha akatembea mpaka walipokaa wanawake, akasimama nyuma yao, mahali wanaume wanaposimama kwenye kilio, na akavua kofia.

"Bwana, watu wako kwenye kilio," akasema. "Hapana kazi."

"Kilio gani? Nani nakufa?"

"Mupunga, Bwana."

Mukubwa wa Kindu aliuliza kitu kwa Kifaransa, akajibiwa kwa kifupi. Polisi wakamchukua Saidi, wakamfunga mikono, na hakugeuka nyuma. Mimi waliniacha, kwa dharau tu, muke wa shofere, atafanya nini. Bwana Kidole akaendesha mwenyewe na mgeni wake pembeni, wakaenda Lusangi na madoa yao, vumbi likatua juu yake, na wanawake walikaa vilevile mpaka motokari ikapotea. Kesho yake kabla ya jua kapita alipiga filimbi. Hakuna aliyetoka. Alipita vijiji vyote akipiga, polepole, kama mtu anayetaka asisikike, nasi tulikuwa tumeshafika bondeni tunapiga makopo na kurusha udongo, sauti zimetukauka. Keshokutwa akapiga tena. Siku zilizofuata alipiga mara moja tu karibu na ofisi, Bwana asikie, akaenda kulala. Upande wa juu wa Veronika ulipona. Niliuvuna pamoja naye, kwa maana boyeri nilikuwa nimefukuzwa na sanduku langu la harusi, na nilikuwa nalala nyumbani kwake.

Saidi walimpeleka gereza la Kasongo, na karatasi yake ya ushofere ikapasuliwa mbele ya macho yake. Nilitembea kwa miguu kumfuata, na kibunda cha mchele mpya kichwani. Nisikilizeni nyinyi mnaotaka mume wangu awe mfutaji hodari: kule gerezani walimwambia, mara moja na mara ya pili, kwamba akiomba msamaha kwa Bwana wake atarudishiwa kazi. Alisema hapana. Alipofunguliwa nilikuwa namngoja nje, chini ya ukuta, na wali uliofungwa kwenye majani ya ndizi. Alikuwa amekonda, nywele zimenyolewa, nguo zimekuwa kubwa. Tukakaa chini, akala kwa haraka kama zamani, ila sasa hakutazama mlango wowote. Nikangoja anitukane. Nilikuwa nimeshajiandaa kumjibu.

"Hukuniuliza," akasema.

"Ningekuuliza ungenikataza."

"Ningekukataza." Akachukua tonge lingine, akalitafuna, akameza. "Siku nyingine pia usiniulize."